Nyati na Haradali ya Majani Matupu

Masikio, jamani!
— Tumeyatega!
Na midomo?
— Tumeifumba!
Basi nisikilizeni.

Alikuwepo Fuko, mjane mwenye watoto wanne, mkulima wa haradali ya mbegu. Jirani yake alikuwa Nyati. Kila msimu haradali ikishastawi, Nyati hufika, gudu! gudu! gudu!, akachagua nusu ya shamba iliyonona zaidi. "Hii yangu!" Msimu wa kwanza akachukua. Msimu wa pili akachukua. Fuko na wanawe wakabaki kuguguna mizizi mpaka meno yakafa ganzi.

Lakini Fuko alikuwa ameona jambo. Pale Nyati alipokojoa, haradali ilijaa majani, mbegu haba. Pale yeye Fuko alipomwaga majivu na mifupa, ilikuwa fupi, ila maganda yake yalijaa mbegu.

Msimu wa tatu akagawa shamba vipande viwili. Cha juu akakipa samadi kiasi, majivu ya jikoni na mifupa mikavu aliyoitwanga ikawa unga. Kisha akamwendea Nyati.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mkojo wako, bwana. Una nguvu kama wewe mwenyewe. Kipande changu cha chini kinauhitaji."

Nyati akavimba kichwa. Kila asubuhi akaja, chwaaa! Fuko akafuata nyuma na maji, mkojo usije ukaunguza mimea, mwaa! Chwaaa! Mwaa! Haradali ya chini ikapaa, majani mapana, kijani kibichi. Ya juu ilibaki fupi, ikawahi kutoa maua ya manjano.

Nyati akaja, gudu! gudu! gudu! Akatazama juu, akatazama chini.

"Hii ya chini yangu!"

"Jamani, bwana, hata hiyo?" Fuko akaangua kilio, huku moyo ukimdunda asije mwenzake akabadili nia.

"Nimesema yangu!"

Wiki zikapita. Haradali ya Fuko ikafunga maganda, ikakauka, ikawa rangi ya udongo. Ya Nyati ilikuwa bado inaongeza majani.

"Bwana, yangu imekauka yote. Niing'oe?"

Nyati akacheka mpaka kamasi zikamtoka. "Ing'oe! Inanichafulia macho. Yangu bado inakua!"

Fuko na wanawe wakang'oa mbele ya macho yake, wakaingiza shimoni kitita kwa kitita. Humo wakapura, pu! pu! pu! Mbegu zikamwagika, chaka chaka chaka.

Siku moja upepo ukavuma. Mashina ya Nyati, marefu na laini, yakalala chini, pwaa! Akapekua maganda: hili tupu, lile tupu, hili mbegu moja. Akakimbilia shimo la Fuko. Pua ikaingia, pembe zikagoma.

"Fuko! Mbegu ziko wapi?"

"Si uliniambia niing'oe, bwana? Nimeing'oa."

"Umenilaghai!"

"Mimi? Aliyechagua nani?"

Nyati akarudi kutafuna majani yake ya haradali, makali hayo, machozi yakimtiririka.

Ngano nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie. Na funzo lake, watoto, ni hili: mheshimuni mkubwa, na siku zote mwacheni achague kwanza.