Mbeba Barafu wa Charok

Haya jamani, niwape nisiwape?

—Tupe!

Ya karibu au ya mbali?

—Ya mbali!

Basi sogeeni. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna, meno yako yanapiga kelele kuliko mimi.

Hapo zamani za kale, kwenye milima ya Himalaya, mirefu mpaka mawingu hupita chini ya miguu ya watu, palikuwa na mji ukiitwa Charok. Nyumba zilipandana ubavuni mwa mlima, paa la huyu ndio ua wa yule. Mji mzuri, lakini maji hakuna! Shayiri ilikauka, mbuzi walilamba mawe, watu wakaanza kufunga virago.

Wakubwa wa mji wakasema, "Tupande barafu." Mnacheka? Huko barafu hupandwa kama mihogo. Huchukuliwa barafu dume, nyeusi, ya mlima wa karibu, na barafu jike, nyeupe, ya mlima wa mbali. Huzikwa pamoja pangoni, zikaoana, zikakua, zikatoa maji. Jike hubebwa na mwanamke, na mwanamke huyo ana miiko. Bibi Chosdon, mjuzi wa kazi hiyo, aliitaja: asiseme neno njiani, asisimame, asitue mzigo. Akivunja mmoja tu, barafu inakufa.

Aliyechaguliwa ni Yangzes. Nguvu anazo, pumzi anazo, na kiburi, wee! Kiburi kilimtosha yeye na majirani zake. Alizaliwa Pangmo, mji mwingine wa milimani. Alipotaka kuolewa Charok, mama yake alimwambia, "Ukienda kwenye mji ule wa vumbi, usinikanyagie mlango tena." Naye hakuukanyaga. Miaka ikapita, kila mtu na hasira zake. Na njia ya barafu ilipita Pangmo.

Basi kule mlima wa mbali Yangzes akabeba kapu la barafu jike mgongoni, akalifunika blanketi zito, akashika njia.

Akafika mji wa kwanza. Wauza chai wakamwita, "Dada, karibu! Chai ya siagi na chumvi, ya moto! Itika tu!" Kimya. Twende, twende, twende.

Akafika mji wa pili. Huko watu walikuwa na choyo, hawakutaka Charok ipate maji. Wakapaza sauti, "Yangzes! Nyumba yako inaungua, mume wako yumo ndani!" Moyo ukamruka. Akauma mdomo mpaka damu ikatoka. Kimya. Twende, twende, twende.

Akafika Pangmo. Watu wote wako mashambani, kichochoro kitupu. Mlangoni ameketi bibi kikongwe, macho hayaoni tena. Akainua kichwa.

"Hizo nyayo nazijua. Yangzes? Ni wewe, mwanangu?"

Mnaona mambo hayo? Kimya.

Mama akainuka, akapapasa ukuta, akamfuata. "Mwanangu, yale niliyasema kwa hasira. Nilikosa, nimeyalilia. Nijibu basi, hata kwa kunitukana."

Machozi yalimtiririka Yangzes. Alitamani kuitika, walahi alitamani. Lakini ndani kabisa kulikuwa na kijisauti kikisema: mwache naye aonje. Akajiambia, mwiko ni mwiko, nikishaizika barafu nitarudi. Akapiga hatua. Mama akamfuata mpaka lango la mji, akanyoosha mkono hewani, ukakosa kitu, akaushusha.

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Barafu ikazikwa. Yangzes hakula, hakunywa, akageuza njia mbio mpaka Pangmo. Akakuta watu wamejaa mlangoni. Mama amefariki asubuhi ile.

"Alisema neno?" akauliza.

Jirani akainamisha uso. "Alisema, mwanangu alipita, hajanisamehe, na ana haki."

Eh, jamani. Tusimame hapo kidogo.

Miaka ikaenda, barafu ikashika, maji yakashuka Charok. Ngoma! Vigelegele! Watu wakamvisha Yangzes vitambaa vyeupe vya heshima mpaka shingo haionekani. Akavivua, akaenda kwa Bibi Chosdon.

"Bibi, ningeitika, mji ungekufa. Sikuwa na njia nyingine, sivyo?"

Alitaka kuambiwa ndiyo. Hilo tu.

Bibi Chosdon akamtazama sana. "Nilikukataza kusema?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kusimama? Kutua mzigo?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kumshika mama yako mkono mkaenda naye?"

Yangzes akaketi pale pale kizingitini, akaitazama mikono yake miwili, akalia kwa sauti.

Hadithi yangu imefika kwao, imevua viatu, imeingia ndani. Nanyi inukeni mwende makwenu. Mwenye mama aliye hai, aanzie huko.