Pumzi ya Pili ya Gari la Mbonea

Hapo zamani, si zile za majitu bali zamani za juzi tu, magari yakiwa yamekwisha kuizoea milima ya Upare, alikuwapo mjane aitwaye Namkunda. Mumewe alifariki akamwachia mimba, basi. Mimba ilipotimia, mkunga akampapasa, kisha akasema mtoto amekingama tumboni, mama apelekwe upesi hospitali ya mlimani.

Shemeji yake Mbonea akaleta gari lake dogo. Mbonea alilipenda gari lile kama wengine wanavyopenda wake zao, na kwa mapenzi hayo alilinywesha oili nzito ya malori, maana madereva wa huko huapa kwamba mlima unataka oili nzito. Bondeni likaenda vizuri. Mlima ulipoanza kusimama, likalegea. Mbonea akakanyaga, likanguruma tu. Akakanyaga tena, likatambaa. Namkunda akauma kanga yake, akamwomba Mungu asimchukulie na huyu. Mbele ya gereji ya Mzee Senzota likagoma kabisa kupanda.

Senzota akaliwasha, akasikiliza.

“Injini hii ina pumzi mbili,” akasema. “Juu mna shafti yenye nundu zinazosukuma valvu, nundu fupi na nundu ndefu. Ukienda taratibu, fupi zinafanya kazi, valvu zinafunguka kidogo, petroli haipotei bure. Ukikanyaga sana, oili inasukuma pini, pini inazikamata nundu ndefu, valvu zinafunguka zaidi, injini inavuta hewa ya kutosha kupanda. Hii yako haifiki pumzi ya pili. Oili haipiti.”

Akafungua chujio dogo, akakuta limezibwa na tope jeusi. Akaliosha, akamwaga ile oili nzito. Lakini oili nyepesi hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Nakiete, mteja wake, ambaye gari lake lilikuwa pale pale limekwisha kumwagwa oili kuukuu, likingoja hiyo mpya, nalo limejaa nyanya za mnada.

Nakiete akamtazama Namkunda, akazitazama nyanya. Akamtazama tena Namkunda, akazitazama tena nyanya.

“Mnada ni leo tu, jamani.”

Namkunda hakumwomba. Uchungu ulimbana, akaguna, akashika mlango wa gari. Nakiete akaleta galoni yake ya oili, Senzota akaimimina.

“Shika gia ya pili, ukanyage mpaka sauti ibadilike,” Senzota akamwambia Mbonea. “Usilihurumie.”

Mbonea, ambaye alikuwa hajawahi kuliacha gari lake lipige kelele, akakanyaga. Sauti ikabadilika. Namkunda akahisi mgongo wake ukibanwa kitini, akalia kwa uchungu na furaha pamoja, kwa kuwa sasa walikuwa wanapanda. Getini pa hospitali klachi ikaungua, moshi ukatanda. Mtoto wa kike akatolewa mzima.

Sasa, kwa desturi ya ukoo ule, anayemfikisha mtoto salama ndiye humpa jina, naye huwa mzazi wake wa pili. Huwa mmoja tu. Wakaja watatu.

“Shemeji,” akasema Mbonea, “gari ndilo shamba langu, na limekufa kwa ajili ya damu ya ndugu yangu.”

“Ni nani aliyelinywesha oili ya lori?” akauliza Nakiete. “Nyanya zangu zimeoza. Bila galoni yangu mngekuwa bado mko njiani.”

“Galoni yako ingepita wapi, chujio limeziba?” akasema Senzota. “Mimi ndiye niliyejua ugonjwa.”

“Uliujua tangu lini, mzee?” akauliza Nakiete.

Senzota akainama. Tangu mavuno alilisikia gari lile likipita likihema vibaya, akanyamaza, maana Mbonea aliwahi kumcheka kwa ushauri wake.

“Na wewe, dada,” Mbonea akamgeukia Nakiete, “nyanya ulizitazama mara mbili.”

Namkunda aliwaonea huruma wote, na wote aliwashukuru kwa moyo mmoja. Lakini mtoto hakuwa na baba, na mzazi wa pili ndiye pekee ambaye angempata.

Haya, ninyi mlioketi hapa. Mmoja aliliua gari alilokuwa ameliharibu mwenyewe. Mmoja alitoa, ila baada ya kusita. Mmoja alitibu ugonjwa alioufumbia macho. Mtoto amefumbua macho, mama amemnyanyua, mikono mitatu imenyooshwa. Mngekuwa ninyi Namkunda, mngemweka katika mikono ya nani?