Nyayo Kwenye Majivu ya Nahumu

Kamba ya mkiani haichukii mbawa. Asubuhi mmemsikia dada yenu akimtupia Obedi maneno hayo, alipomnyima ufunguo wa pikipiki mpaka breki zitazamwe, na Obedi bado amenuna. Mnadhani ni maneno ya mababu wa kale. Sivyo. Yalizaliwa hapa hapa Mafinga, kwenye viwanja vya mbao, na aliyeyaleta ni mtu aliyemshuku kila aliyepumua karibu naye. Sikilizeni ilivyokuwa.

Nahumu Mgaya alikuwa fundi magari, na kwa miaka saba alijenga ndege nyuma ya karakana yake. Mwili wake ulikuwa wa mabomba ya chuma na mbao za msindano, mbawa alizivika turubai. Injini aliitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka njia ya Iringa. Haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka kama injini mnazozijua. Ndani yake lilikuwamo pande la chuma la pembe tatu, kazi yake kuzunguka tu. Mafundi wenzake walikuja, wakachungulia, wakaguna. Injini isiyo na pistoni, walisema, ni mtu asiye na magoti, akianguka hainuki.

Nahumu alicheka nao, lakini kila jina aliliweka moyoni. Alikuwa fundi hodari mwenye ugonjwa mmoja: katika kila jambo aliona mkono wa mtu. Boliti ikidondoka, imelegezwa. Petroli ikipungua kwenye dumu, si jua, ni jirani. Alifunga banda kwa kufuli tatu, na kwa kuwa ndege ilikuwa ndefu kuliko banda, alitoboa mlango, mkia ukabaki nje kama wa ng'ombe aliyeingia jikoni. Mkia ule ulimnyima raha.

Aliyemshuku kuliko wote ni shemeji yake, Eliudi Msigwa, kaka wa mkewe Yusta. Eliudi alikuwa mwendeshaji wa dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao huko porini. Maneno yake yalikuwa machache, na katika miaka yote saba hakuwahi kuisifu ndege ile hata kwa kuteleza ulimi. Wiki moja kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, alikuja, akaizunguka mara mbili, akasimama mkiani.

"Shemeji," alisema, "siku ya kuiwasha tuifunge kwenye kisiki. Sisi dingdong mpya hatuiwashi bila kuifunga. Mashine usiyoijua hasira zake, unaifunga kwanza."

"Anayefungwa ni mbuzi," Nahumu alimjibu. "Ndege anaifunga asiyetaka iruke."

Eliudi akanyamaza, akaenda zake. Angebisha, pengine Nahumu angetulia. Ule ukimya ndio uliomla. Mtu mwenye nia njema, aliwaza, hujitetea. Akaenda jikoni kwa Yusta, akazoa majivu ya kuni, akayatandaza chini ya mkia. Yusta alimwuliza anamtega panya gani.

Jumamosi ya kuwasha, asubuhi, majivu yalikuwa na nyayo. Zilikuwa za makatambuga, vile viatu vya tairi, kisigino cha kushoto kimeliwa upande. Mafinga nzima, kisigino kile kilikuwa cha mtu mmoja. Nahumu alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Iliuma, kwa sababu kumshuku mtu ni jambo moja, na kuona alama ya mguu wake ni jingine. Kisha akafagia majivu, asimwambie mtu.

Sasa angalieni shaka inavyomtuma mtu. Nyayo zilikuwa mkiani tu, nje ya kufuli tatu. Lakini Nahumu aliingia ndani, akafungua kila alichokifunga kwa miaka saba. Alinusa petroli. Alichomoa plagi, akazitazama moja moja. Mwisho akachomoa waya wa mafuta, ule unaoiambia injini iende polepole au ikimbie.

Waya ule ulikuwa na habari yake. Kwenye gari, ukichomoka, springi huituliza injini. Nahumu alikuwa ameigeuza springi hiyo makusudi, kwa sababu huko angani alitaka waya ukichomoka injini izidi nguvu, isimwangushe. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Ila asubuhi ile, akiwa anaurudisha waya, aliwasikia wageni nje. Akakaza skrubu yake kwa vidole, akasema bisibisi itafuata. Haikufuata.

Vijana wa karakana waliikokota ndege mpaka uwanja wa magogo, mkia ukielekea kisiki kikubwa cha mkaratusi, nyasi zikifika magotini. Watu walitaka kutawanyika pande zote, kila mtu aone anapopenda. Nahumu akakataa. Hakutaka mtu nyuma ya mashine yake. Aliweka benchi mbele, hatua saba tu kutoka kwenye pangaboi la puani linaloivuta ndege, akawapanga wote hapo, Yusta katikati.

"Mbele nitaona mikono yenu," alisema, na watu walicheka wakidhani anatania.

Alihesabu nyuso kwenye benchi. Eliudi hakuwamo.

"Kaka yako yuko wapi?" alimwuliza Yusta.

"Alisema anakuja, Baba Sifuni."

Aibu imemshika, Nahumu aliwaza, na akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisukuma matofali mawili mbele ya magurudumu, akapanda, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakataa. Kwenye benchi mtu alisema habari ya magoti. Nahumu akazungusha tena, na safari hii ikashika.

Haikunguruma kama gari. Ililia mfululizo kama nyuki waliochokozwa, pangaboi likapotea machoni, nyasi zikalala. Nahumu aliona machozi yanamtoka, akayaacha. Miaka saba, na kitu kile kilikuwa hai. Aliusogeza mkono wa mafuta kidogo tu, na skrubu ikaachia.

Springi ilifanya kama alivyoifundisha. Injini ikapanda mpaka mwisho, ndege ikaruka matofali. Nahumu alitupwa nyuma kitini, mkono wake ukaukosa ufunguo. Hatua moja, mbili, tatu. Watu waliangushana wakilikimbia benchi, lakini Yusta alibaki ameketi katikati, miguu imemgomea. Ya nne, ndege ikasita kwa kishindo kama iliyogonga ukuta. Mkia ukatikisika, turubai likalia, pangaboi likapiga kelele hatua tatu mbele ya magoti ya mkewe, lisiweze kusogea zaidi. Nahumu akaupata ufunguo, akazima.

Alishuka, akaenda kwa Yusta, akamshika mabega. Kisha akageuka nyuma. Kutoka mkiani, ndani ya nyasi, waya wa winchi, ule wa kuvutia magogo, ulikuwa umekazika mpaka kisikini, na kando ya kisiki amesimama Eliudi na makatambuga yake.

"Wewe ndiye uliyeifunga," Nahumu alisema.

"Ni mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza. Nimeifunga mlipokuwa mkipangana kwenye benchi; ungeniona ungefungua."

"Na nyayo kwenye majivu?"

"Nilikuwa natafuta chuma cha kushikia. Mkiani kipo kimoja tu cha kufaa." Eliudi alimtazama. "Ulidhani nini, shemeji?"

"Nilidhani hutaki iruke."

"Nataka iruke. Ila huyo aliyekaa mbele ni dada yangu."

Nahumu akaketi pale pale kwenye nyasi, akaona haya mbele ya watu wote, na hakuificha. Skrubu aliilegeza yeye. Benchi aliliweka yeye. Mkono aliokuwa akiuwinda wiki nzima ulikuwa wake.

Najua mtauliza kama ndege iliruka. Jumamosi mbili baadaye aliiwasha tena, watu wote wakiwa pembeni, na waya wa winchi alimkabidhi Eliudi mwenyewe, akasema, "Funga." Injini ililia saa nzima bila kukohoa. Nahumu akaitikia kwa kichwa, na Eliudi akainama, akaufungua waya ule kwa mikono yake, akaukunja begani. Ndege ikashika njia, magurudumu yakaacha ardhi, ikapita juu ya misindano ikiwa na turubai lake lenye viraka. Wote walipiga makofi isipokuwa Eliudi, kwa sababu alikuwa akilia.

Maneno yale Nahumu aliyasema siku hiyo, aliposhuka. Basi Obedi, acha kununa. Dada yako atakuletea ufunguo yeye mwenyewe. Kamba ya mkiani haichukii mbawa.