Mikono ya Mwosha Maiti

Ugonjwa ni mgeni asiyeweza kufungiwa chumbani. Mwekee pazia, waambie majirani kwamba nyumbani hamna mtu. Siku moja atakohoa tu. Ndiyo maana wahenga wakatuusia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mwasiti binti Kitwana aliusikia usemi huo tangu utotoni na, kama sisi sote, alidhani wanaosemwa ni wengine.

Mwasiti aliishi mtaa wa Mapendo, mjini Goma, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Wazee wake walitoka Kasongo, kule Maniema. Kazi yake ilikuwa ile ambayo watu huiheshimu wakiwa mbali nayo: aliosha maiti za wanawake wa Kiislamu. Aliyemfundisha ni Mama Alima, ajuza mwenye maneno machache kuliko meno yake, na meno yenyewe yalikuwa yamebaki manne. Somo la kwanza halikuhusu maji wala kafuri.

"Kile utaona nyuma ya pazia kibakie nyuma ya pazia," Mama Alima alimwambia. "Siri ya maiti ni amana."

Mwasiti alilishika somo hilo kwa mikono miwili.

Masika moja akafariki Mama Feza, muuza samaki wa soko la Kituku, akiwa amefumba ngumi. Desturi ya mwosha ni kulegeza viungo polepole kwa maji ya vuguvugu. Lakini siku hiyo Mama Alima alikuwa ametoka kuongeza maji, mvua ilikuwa imetanda, na wanaume uani walikuwa wakiuliza jeneza litatoka lini. Mwasiti akavuta. Kidole kikalia kah, na alipoinua macho aliona jicho moja la marehemu limefunguka kidogo. Akalifumba, akamaliza kazi, asimwambie mtu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mwasiti aliamka asubuhi na mikono yake haikuamka. Ilikuwa imelala juu ya blanketi, mizito, imefumba ngumi, kana kwamba mtu mwingine ameisahau pale. Jua lilipanda, watoto wa jirani wakaenda shule, ndipo vidole vilipoanza kulegea kimoja kimoja. Kesho yake vivyo hivyo, kuume na kushoto, vifundo vile vile, utadhani kuna mtu aliyekuwa akiivaa mikono ya Mwasiti kupima kama inamtosha. Mwasiti aliogopa sana. Wala hakuwaza ugonjwa. Aliwaza kwamba Mama Feza amerudi kuchukua kilichovunjwa.

Jamila, binti yake wa pekee, alimwona akishindwa kufungua kifuniko cha bidoni la maji.

"Mama, mikono yako iko na nini?"

"Ni baridi."

"Baridi gani inavimbisha mutu pande zote mbili sawasawa? Kesho tunaenda kwa dokta."

Dokta Victoire alibonyeza vifundo, akaagiza damu ipimwe na mikono ipigwe picha. Majibu yalipotoka aliyasoma mara mbili.

"Ni polyarthrite rhumatoïde," alisema. "Kinga ya mwili wako, mama, badala ya kupigana na maladi, inapiga viungo vyako mwenyewe. Haiko kosa lako. Kuna dawa ya kumeza siku moja tu kwa wiki, na tutakuwa tunapima damu. Inakawia miezi mbili, tatu, lakini inalinda viungo. Dawa zingine zinaondoa uvimbe mbio, lakini zikiwa peke yake zinakudanganya: maumivu inalala, kiungo kinaendelea kuharibika. Tuanze sasa, mbele ya vidole kupinda."

Mwasiti aliitikia kwa kichwa. Moyoni alisema kwamba daktari hakuwepo nyuma ya pazia. Akianza kwenda hospitali kila mwezi, Mama Alima atauliza, na akiulizwa itambidi ataje kile kidole. Basi ataondolewa katika kazi, na nje ya kazi hiyo alijiona si mtu. Karatasi ya daktari akaikunja na kuificha katika sanduku la sanda. Kisha akaenda kwa muuza dawa mmoja wa mtaa wa Murara, akapewa vidonge vya kuondoa uvimbe bila kuulizwa hata jina. Baada ya siku mbili mikono iliamka kama ya msichana. Jamila akaambiwa kwamba dawa ya dokta imefanya kazi.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kwa vile vidonge uso wa Mwasiti ukaviringana kama andazi, na wapenda kusifu wakamsifu kwa kunenepa. Lakini kila asubuhi aliyokawia kumeza, zile ngumi zilimngoja juu ya blanketi. Akazoea kuzinong'oneza, chumbani peke yake: "Nisamehe, Mama Feza."

Siku vidonge vilipokwisha, yule muuza dawa alikuwa amefunga duka na kuondoka. Asubuhi yake Mwasiti aliitwa kwenye msiba. Alimshika marehemu kifundo cha mkono ili amgeuze ubavu, akamgeuza, akataka kumwachia. Hakuachiwa. Alivuta, mkono wa maiti ukainuka pamoja na wake, na kichwa kikageuka kumtazama. Mwasiti akapiga ukelele.

Nje, waombolezaji waliinuka ghafla. Kilio hutoka kwa walio hai, na hiki kilitoka nyuma ya pazia. Kuna waliokimbia wakiacha kandambili zao, na mpaka leo hawajazirudia.

Mama Alima, aliyekuwa naye nyuma ya pazia, hakukimbia. Alisogea, akainama, akatazama.

"Angalia muzuri, Mwasiti. Vidole vyake viko wazi. Ni weye njo unamushika."

Akachota maji ya vuguvugu, akayamimina polepole mpaka vidole vya Mwasiti vikaachia, kimoja baada ya kingine. Hapo hapo Mwasiti akamweleza yote, akilia.

"Ule mulio wa kidole nimeusikia mara mingi kuliko miaka yangu," Mama Alima alisema. "Unaomba Mungu musamaha, unaendelea kwa upole. Mama Feza amelala."

"Lakini ulisema siri..."

"Siri ni ya maiti. Weye uko muzima."

Jamila aliitoa karatasi kati ya sanda, akamrudisha mama yake hospitali. Dokta Victoire hakugomba. Aliagiza mikono ipigwe picha tena, akaweka ya kwanza na ya pili dirishani, na hata asiyesoma angeona mahali mfupa ulipotafunwa. Dawa ya kila wiki ikaanza. Vile vidonge vya haraka vikapunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa haviachwi kwa ghafla. Mwezi wa tatu wa dawa hiyo Mwasiti aliamka, mikono ikaamka naye, naye akakaa kitandani akilia kwa furaha.

Vidole viwili vya kuume, hata hivyo, vilibaki vimepinda. Siku hizi Jamila ndiye aoshaye, Mwasiti humimina maji na kuelekeza. Wageni wakivitazama vile vidole na kuona haya kuuliza, yeye mwenyewe huvinyoosha kadiri viwezavyo, kwenye mwanga, akawaambia: mficha maradhi kilio humfichua.