Jina la Soda kwa Pumzi Moja

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kreti za soda!
Na mlinzi wake nani?
Fisi!
Basi kreti hizo, jamaa zangu, zililieni mapema. Kaeni niwasimulie zilivyonyweka.

Hapo kale, si kale sana, maana vifuniko vya chupa vilikuwapo, Nguchiro alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume. Wakwe zake walikuwa na mila yao: kila mzee wa upande wa binti afunguliwe chupa mbele ya macho yake, anywe, ndipo binti avuke kizingiti. Jua likitua koo zikiwa kavu, binti anarudi kwao, na aibu inabaki kwa mama wa bwana harusi.

Mchana Nguchiro akawapokea wakwe, wakaongozana nyuma ya mkokoteni wa kreti nne mpaka darajani. Darajani palikuwa na kizuizi, na kizuizini palikuwa na Fisi, Afisa wa Majina Sahihi. Zamani Fisi aliiba mbuzi usiku. Wakubwa wa mwitu wakaona ni heri aibe mchana, akiwa na kofia.

"Simama! Mmebeba nini?"

"Soda, mheshimiwa," akasema Nguchiro.

"Kosa! Kreti moja ghalani."

Bibi wa bibi harusi, mtu wa pwani, akadakia: "Soda gani tena, mkwe? Hii ni namnedi. Tangu usichana wangu, namnedi."

"Kosa! Kreti moja ghalani."

Mjomba kutoka ng'ambo ya ziwa akakohoa. "Kwetu zote ni fanta. Hata ile nyeusi."

"Hata nyeusi! Kosa! Kreti moja ghalani."

Ikabaki moja. Nguchiro akaikumbatia. "Mheshimiwa, tufundishe basi. Inaitwaje?"

Fisi akavuta suruali juu. "Kinywaji Baridi Kitamu Kisicholevya Kilichozibwa kwa Kifuniko Chenye Hewa Ipandayo. Kwa pumzi moja. Ukipumzika njiani, umekosa."

Nguchiro akajaza kifua, nacho ni kifua cha nguchiro. Akakimbia mpaka "Kilichozibwa", pumzi ikakatika.

"Kosa!"

Kreti ya mwisho ikaingia, mlango wa ghala ukafungwa, Fisi akiwa ndani. Nguchiro akatega sikio.

Psss! Gu-gu-gu-gu. Ting!

Psss! Gu-gu-gu-gu. Ting!

Kila psss ni mzee mmoja koo kavu. Kivuli cha daraja kikazidi kurefuka. "Mkwe," akasema bibi taratibu, "sisi hatuna haraka. Lakini jua lina haraka."

Nguchiro akatimua mbio hadi mtoni, akarudi na Ndovu, mkuu wa mwitu, bado anachuruzika maji. Fisi akatoka, tumbo kama ngoma ya harusi.

"Vidhibiti vyote, kreti nne, viko salama, mzee," akasema, midomo akiifungua kidogo tu. "Haki ya Mungu, sijaonja hata tone."

Ndovu akamgeukia Nguchiro. "Ghala la serikali halifunguliwi kwa maneno, mama. Una ushahidi?"

Nguchiro akalitazama jua. Akalitazama lile tumbo.

"Sina, baba. Wala sitaki kesi. Naomba Afisa atutamkie jina mara moja, tulishike, tusirudie kosa."

"Nimechoka," akasema Fisi upesi.

"Afisa wa Majina amechoka na jina?" akauliza Ndovu.

Fisi akavuta pumzi, kidogo, kwa tahadhari, kama anayepita juu ya mayai.

"Kinywaji Baridi Kitamu..."

Jasho likamtoka.

"...Kisicholevya Kilichozibwa..."

Macho yakamtoka. Nguchiro akaacha kupumua.

"...kwa Kifuniko Chenye Hewa I... I..."

BWEEEEEU!

Povu puani, kofia mtoni, na kutoka mdomoni kifuniko kimoja: ting! miguuni mwa Ndovu.

"Ipandayo," akamalizia Nguchiro, kwa adabu.

Ndovu akasukuma mlango kwa paji la uso. Kreti moja tupu, ya pili nusu, zilizobaki nzima. "Meno yako yanajua kufungua," akamwambia Fisi. "Twende harusini ukafungue. Na kila mzee umuulize anaiitaje."

Jua lilikuwa limegusa miti walipofika.

"Unaiitaje, bibi?"

"Namnedi."

Fisi akamtupia Ndovu jicho. "Sawa, bibi." Psss!

"Na wewe, mjomba?"

"Fanta. Nipe ile nyeusi."

"Sa... sawa, mjomba." Psss!

Mzee wa mwisho alipomeza, binti akavuka kizingiti, na jua likazama nyuma ya mgongo wake. Vigelegele!

Funzo, watoto: liheshimuni jina rasmi, hasa likiwa refu. Na siku mkipewa kofia, kuleni mbuzi. Mbuzi hana gesi.

Hadithi yangu nimeiziba kifuniko. Mwenye meno aifungue.