Dubu Alivyogawana Nchi na Panya-maji

Hapo zamani za kale, huko kaskazini ambako baridi huuma hata mawe, palikuwa na nchi ya madimbwi mengi kama matundu ya chujio. Mto wake ulipinda kama utumbo wa mbuzi. Ukichimba kidogo tu, ngo! umegonga barafu isiyoyeyuka hata kiangazi.

Katika ziwa moja la nchi hiyo, ndani ya nyumba ya matete, aliishi mjane Bi Panya-maji na wanawe.

Mwisho wa kiangazi akaja Bwana Dubu, tumbo mbele, puuu! puuu!

"We mama! Hama. Nchi yote yangu."

"Karibu, bwana mkubwa. Nihamie wapi na watoto hawa?"

"Kwani niliwazaa mimi?"

Bi Panya-maji akamtazama Dubu akipiga miayo, aaah! Kumbe usingizi wake wa baridi umekaribia. "Jitu hili hulala mpaka nchi ikauke, litajua nini?" akawaza.

"Basi tugawane. Pagumu pako, penye maji pangu. Tupime siku mabata bukini watakaporudi kutoka kusini."

Dubu akacheka mpaka matete yakalala. Alishasikia kwamba baridi ikiingia, maziwa yote huwa magumu kama sakafu. "Mjinga huyu, ananipa na nyumba yake!" akawaza. "Nimekubali!"

"Nami nimesikia. Kwe!" akasema Bi Bukini, aliyekuwa akijiandaa kwa safari. Akawa shahidi.

Baridi ikaja. Nchi nzima ikawa ngumu, yote ya Dubu! Lakini mwenye mali yuko pangoni anakoroma, khooo! Chini ya barafu, Bi Panya-maji anawachimbia wanawe mizizi.

Siku Bi Bukini aliporudi, barafu ilikuwa imepasuka, ka-ka-kaaa! Theluji ikayeyuka. Maji yakataka kuzama ardhini, barafu ya chini ikayakatalia. Yakatapakaa kote.

"Kwe! Amka, bwana mkubwa, tupime!"

Dubu akatoka akipepesa macho. Chubwi! Maji mpaka shingoni. Akaparamia kilima kidogo cha kutosha makalio yake tu.

"Hapo ulipokaa ndipo pako," akasema Bi Bukini.

"Lakini baridi palikuwa pagumu pote!"

"Ulipaona?" akauliza Bi Panya-maji.

Matone yakamdondoka Dubu puani, to! to!

Anayeitaka nchi ya mwenziwe, kwanza aijue misimu yake yote. Hadithi yangu imekauka hapo. Dubu mpaka leo hajakauka.