Mwalimu Mmoja, Vijiji Vitatu

Hebu tulieni, na anayecheka hapo nje aingie au anyamaze. Jambo hili limenikaa kooni.

Walikuwapo wafanyakazi watatu wa ofisi ya takwimu, kila mmoja na kijiji chake. Shaame alitunza hesabu za zamani. Mashavu alihoji watu. Riziki alitazama miaka iliyopita, akakwambia ijayo itakuwaje.

Kila mwaka serikali iliuliza, "Unajua kusoma?" Nani akubali aibu mbele ya majirani? Wote walijibu, "Najua!" Idadi ya wasiojua ikashuka, ikashuka, mpaka wakubwa wakasema baada ya miaka mitano tu hatabaki asiyejua hata mmoja nchini. Wakafunga madarasa ya watu wazima. Jamani!

Mashavu hakuuliza. Alimtolea mama mmoja pakiti ya dawa. "Shangazi, hebu nisomee." Shangazi akaishika juu chini. "Ya homa hii, mwanangu." Ilikuwa dawa ya ng'ombe! Mashavu alizunguka nchi nzima na pakiti ile, akiandika walioshindwa, akilia njiani.

Lakini hesabu ya mwaka mmoja haionyeshi mwendo. Shaame akafukua stooni matokeo ya majaribio ya kusoma ya miaka thelathini, akayanakili kabla mchwa hawajayamaliza. Macho yake hayajapona hadi leo.

Riziki akazipanga hesabu zile, na za Mashavu mwishoni, mwaka baada ya mwaka, akatafuta mwendo wake, akauendeleza mbele. Alikosea mara saba, akaanza upya mara saba. Mstari wa wasiojua ukapanda: baada ya miaka kumi, mmoja kati ya watatu hatajua kusoma. Waziri alimfukuza. Riziki akakaa mlangoni pake siku nne.

Mwishowe waziri akausoma mstari ule, akashika kichwa, akawaita wote watatu. "Walimu tuliwaachisha kazi, wametawanyika. Nimempata mmoja tu. Mwenye haki kubwa zaidi amchukue kijijini kwake."

"Dada yangu alimnywesha mwanawe dawa ya kupaka," akasema Mashavu. "Mtoto tumemzika."

"Kwetu watu wametia dole gumba kwenye karatasi wasizozijua," akasema Shaame. "Mashamba yamekwenda."

"Kwetu hajabaki msomaji hata mmoja," akasema Riziki. "Hata mmoja!"

Angekosekana hata mmoja wao, mwalimu huyo asingepatikana. Na Riziki ameshapiga hesabu: anajua vijiji viwili vitakavyokosa vitafikia wapi.

Mwalimu yuko kituoni na begi lake, anauliza apande gari la wapi. Mimi nimeshindwa, wallahi. Je, wewe ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?